Kupanda Kibo kwa njia ya Marangu: mwongozo kamili wa siku sita

Mwaka 1887 Hans Meyer, mwana wa mchapishaji vitabu wa Leipzig, alipanda Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, hadi chini ya ukuta wa barafu akarudi. Hakuwa na zana za barafu, na mwenzake alikwisha kubaki nyuma. Mwaka 1888 akaja tena na Oscar Baumann, lakini mlima hawakuufikia: walikamatwa wakati wa vita vya Abushiri wakaachiliwa kwa fidia. Safari ya tatu, 1889, alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Salzburg, na pia alikuja na mpango wa kambi. Kituo kikuu kilikuwa Marangu kwa Mangi (chifu wa Kichaga) Mareale, kingine juu ya msitu, kingine kwenye mita 4,300 hivi katika uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, na wapagazi wakapandisha chakula kila baada ya siku chache. Tarehe 3 Oktoba walichonga ngazi barafuni wakafika ukingo wa kreta, shimo la volkano lililo juu ya Kibo, wakaona sehemu ya juu kabisa bado iko mbali upande wa kusini na nguvu zimewaishia. Kwa kuwa kambi ilikuwa karibu, hawakulazimika kurudi Marangu. Walishuka kidogo, wakala, wakalala, wakapanda tena. Tarehe 6 Oktoba 1889 walisimama kileleni.

Katika kambi ile ya juu alikuwepo Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki na kuilinda huku wazungu wakipanda. Na Wachaga wa Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki 1996, kama mwongozaji wa safari hiyo. Kumbukumbu ya safari hiyo iko pale kwenye lango la hifadhi, Marangu. Simama uisome kabla hujaanza kutembea.

Ukingo wa barafu aliouchonga Meyer leo umeyeyuka, lakini mwili wa binadamu ni uleule. Wengi wanaogeukia njiani siku hizi wana miguu mizuri na viatu vizuri, ila wamekosa usiku mmoja wa ziada. Mwongozo huu ni wa njia ya Marangu, njia kongwe kuliko zote na ya pekee yenye mabanda ya kulala, ambayo Watanzania wengi huichagua, hasa kuelekea 9 Desemba.

Kwa nini siku sita

Hewa ya kileleni ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Kwenye mita 5,895 umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujirekebisha: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinabadilisha kemia ya damu kupitia mkojo (ndiyo maana unaamka usiku kwenda haja ndogo, na hiyo ni dalili njema), na polepole damu yenyewe inaongeza uwezo wa kubeba oksijeni. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, na mazoezi ya gym hayawezi kuiharakisha.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja. Sasa yatazame mabanda ya kulala ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo (banda lililo chini ya kilele) 4,720. Ni mita elfu moja kwa siku, mara mbili mfululizo. Ratiba ya siku tano inakufikisha Kibo siku ya tatu jioni, na usiku huohuo unatakiwa upande mita 1,175 zaidi. Usiku wa pili Horombo hauondoi tatizo lote, lakini unalipunguza sana.

Ukiambiwa siku tano zinatosha kwa kuwa wewe ni kijana, usikubali. Ujana haukingi ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi vijana ndio huumwa zaidi kwa sababu wanakimbia. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, ndiyo sababu ya siku tano kuonekana rahisi. Fedha ya siku ya sita ikikosekana, ahirisha safari uendelee kuchanga. Nayo nafasi ya kupanda Mlima Meru (mita 4,562) juma moja kabla ikipatikana, itumie. Utakuwa umekwisha kuuzoesha mwili nusu ya kazi.

Kabla ya kufika langoni

Miezi miwili ya maandalizi inatosha kwa mtu mzima asiye na maradhi. Mara tatu kwa juma tembea saa moja hadi mbili ukiwa na begi la kilo 6 mgongoni, na mwisho wa juma tembea saa tano au sita mfululizo kwenye vilima. Wakazi wa Dar wana Pugu, na Morogoro ina Uluguru. Asiye na mlima apande ngazi za ghorofa, na muhimu zaidi azishuke, kwa sababu magoti huumia wakati wa kushuka.

Muone daktari ukiwa na shinikizo la damu, pumu, maradhi ya moyo au upungufu wa damu. Selimundu tunaitaja peke yake. Mwenye ugonjwa huo asipande kabisa, na hata mwenye vinasaba vyake tu, asiyeumwa siku zote, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Familia nyingi kwetu zina vinasaba hivyo bila kujua, na kipimo chake ni cha damu tu. Watoto wa chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni.

Hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na safari hupangwa kupitia kampuni iliyosajiliwa. Raia abebe kitambulisho cha taifa ili atozwe ada ya raia. Unapozungumza na kampuni, usiishie kwenye bei. Uliza kila mwongozaji atakuwa na watu wangapi, kama kuna mtungi wa oksijeni na oksimita (kifaa cha kupima oksijeni mwilini), na wapagazi, wenyewe wanajiita wagumu, wanalala wapi na wanakula mara ngapi. Mzigo wa mgumu mmoja hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na pale langoni kuna mizani. Kampuni inayobana chakula cha wagumu haitakujali nawe utakapoumwa.

Kuhusu majira: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Masika kati ya Machi na Mei hugeuza msitu kuwa tope na juu kuwa theluji. Desemba ya sherehe za Uhuru inaangukia mwishoni mwa vuli, kwa hiyo anayepanda wakati huo abebe koti la mvua la kweli. Ukiweza kuchagua, panga usiku wa kilele ukutane na mwezi mpevu.

Viatu kwanza, vingine baadaye

Viatu vya mitumba vya soko la Memorial pale Moshi vinaweza kuwa bora kuliko vipya vya dukani, ila vina hatari moja ambayo watu hawaijui. Soli za viatu vingi vya mlima zina tabaka la povu linalooza kimyakimya kwa unyevu, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje kinang'aa, halafu siku ya pili mlimani soli nzima inabanduka. Kabla ya kununua kunja kiatu kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, tazama nyufa ndogondogo. Povu likimeguka kama keki kavu, kiache. Kiwe na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukiwa umevaa soksi nene, la sivyo kucha za miguu zitang'oka ukishuka. Kivae kwa wiki nne kabla ya safari, na kata kucha siku moja kabla ya kuanza.

Nguo za mlimani huvaliwa kwa matabaka. Ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kulishikilia, na jasho lililoshikwa kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri ndilo linalokugandisha. Jezi ya polista ya mpira wa miguu inafaa kuliko fulana nzuri ya pamba. Juu yake sweta la sufu au la manyoya bandia, kisha koti nene, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua. Miguuni suruali ya ndani ya kubana, suruali ya joto, na ya mvua. Glovu pea mbili, nyembamba ndani na nene nje. Soksi za sufu pea tatu. Kofia ya kuziba masikio.

Begi la kulalia liwe linalohimili angalau nyuzi kumi chini ya sifuri. Linakodishwa Moshi na Marangu. Lifungue hapohapo dukani ujaribu zipu yake mara tano. Tochi ya kichwani na betri za akiba ni lazima. Miwani ya jua si pambo: mwanga unaorudishwa na barafu huunguza macho, na maumivu yake huja usiku unaofuata. Fimbo mbili za kutembelea, mafuta ya kukinga jua, na vitambaa vya kufunga kifundo cha mguu ili changarawe zisiingie kiatuni. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini, wala mifuko ya plastiki nchini. Chukua chupa imara za jumla ya lita tatu.

Kutoka langoni hadi Kibo

Siku ya kwanza ni ndani ya msitu, kilomita 8 hivi, saa tatu hadi nne. Itakuwa rahisi mno, na hapo ndipo watu hukosea kwa kutaka kuonyesha mbio. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. "Pole pole" ya wagumu si salamu ya kuwafurahisha wageni, ni maelekezo. Ukifika Mandara mapema, tembea dakika kumi na tano hadi kreta ndogo ya Maundi, kisha urudi kulala.

Siku ya pili ni kilomita 12 hadi Horombo, saa sita au zaidi. Msitu unaisha ghafla na vichaka vinaanza, kisha mimea mirefu ya ajabu. Ule wenye shina kama mnara ni *Lobelia deckenii*, jina la Baron Karl Klaus von der Decken, aliyejaribu mlima huu 1861, na 1862 akiwa na Otto Kersten akafika mita 4,300 hivi. Kabla yao, 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji kwa mbali, na wataalamu wa London wakamkatalia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Wachaga waliokuwa wakiitazama kila asubuhi hawakuulizwa.

Siku ya tatu hulali kwingine. Asubuhi panda hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, ukae nusu saa, na kama mwili unakubali endelea kidogo kuelekea Mawenzi. Rudi Horombo kwa chakula cha mchana. Kupanda juu ukarudi kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili. Usiitumie siku hii kulala kitandani.

Kutoka hapo Mawenzi unauona vizuri, mita 5,149 za miamba iliyochongoka. Meyer na Purtscheller walijaribu kilele chake cha juu 1889 wakashindwa; kilipandwa 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute. Ramani na picha za Klute za mwaka huo ndizo zinazotumika hadi leo kupima kiasi gani cha barafu kimepotea Kibo, na jibu ni zaidi ya asilimia 80.

Siku ya nne ni kilomita 9 au 10 kuvuka uwanda mkavu kati ya vilele viwili. Penye kibao cha maji ya mwisho jaza kila chupa, maana Kibo hakuna maji; yote ya kupikia hubebwa na wagumu. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku nzima, kidogo kidogo. Mkojo ukiwa mweupe kama maji, punguza. Ukiwa wa rangi ya chai, ongeza. Ukifika Kibo kula hata kama hamu imekufa: wali, viazi, uji wenye sukari. Vyakula vya wanga humeng'enywa kwa oksijeni kidogo kuliko nyama na mafuta. Mtori, kama mpishi wako anaupika, unashuka vizuri kuliko chochote.

Usiku wa kilele

Lala kuanzia saa 12 jioni, hata kama usingizi hauji. Weka simu na betri ndani ya begi la kulalia, baridi huzimaliza. Utaamshwa saa 5 usiku kwa chai na biskuti, na safari huanza kati ya saa 5 na nusu na saa 6. Kuna sababu ya kwenda usiku: changarawe za mteremko zimegandishwa na baridi, zinashika mguu. Jua likizipasha, kila hatua mbili unarudi moja.

Vaa nguo zote isipokuwa koti moja utakaloliongeza baadaye. Ukianza ukiwa na joto sana utatoa jasho. Chupa ziweke kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Ukitumia mfuko wa maji wenye mrija, mrija utaganda saa ya kwanza, kwa hiyo beba chupa pia.

Hatua iwe fupi kama urefu wa kiatu. Pumua ndani, pumua nje, weka mguu. Kwenye pango la Hans Meyer, mita 5,150, mapumziko yasizidi dakika tano. Ukikaa zaidi vidole vinaanza kufa ganzi na kichwa kinasema turudi. Kuanzia hapo njia inapinda kulia na kushoto hadi ukingo wa kreta. Ni kipande kirefu kuliko vyote kwa hisia, na kichefuchefu kidogo hapa ni cha kawaida. Lamba glukosi au pipi kila nusu saa, kunywa kidogo kila mnaposimama.

Ukingoni, karibu mita 5,685, ni Gillman's Point, jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika 1921. Karibu na hapo Mchungaji Richard Reusch alikuta 1926 mzoga wa chui uliokaushwa na baridi. Hapa kuna uamuzi wa kufanya kwa ukweli. Kama saa 2 asubuhi imekukuta hujafika Gillman's, geuka. Ukifika mapema lakini ukiwa unayumba, geuka pia. Anayejisikia vizuri aendelee kwa saa moja na nusu au mbili, apite Stella Point, iliyopewa jina la Stella Latham aliyefika 1925 na mumewe, kisha afike Uhuru, kilele chenyewe. Mwinuko si mkali tena, lakini ukingo ni mwembamba na upepo unauma.

Kilele hiki Wajerumani walikiita kwa jina la mfalme wao. Usiku wa 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika hapo bendera ya Tanganyika na mwenge aliouahidi Mwalimu Nyerere mwaka 1959, "umulike hata nje ya mipaka yetu", na jina likawa Uhuru. Kaa dakika kumi na tano, piga picha, kisha shuka. Furaha ya kileleni huwasahaulisha watu kwamba bado wana mita 2,175 za kushuka siku hiyohiyo.

Kichwa kikiuma

Maumivu ya kichwa yanayopungua kwa maji, chakula na paracetamol ni ya kawaida. Yasipopungua, au yakiambatana na kutapika na uchovu usio wa kawaida, usipande hata mita moja, lala ulipo. Dalili zikizidi, shuka.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mgonjwa anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinatoa mlio wa kuchemka, midomo inageuka rangi ya zambarau. Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anachanganyikiwa, anakuwa mkali au mzito, anayumba kama mlevi. Kipimo chake ni rahisi. Mwambie atembee mstari ulionyooka hatua kumi, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashushwa sasa hivi, hata kama ni saa 8 usiku, angalau mita 1,000. Oksijeni na dawa za mwongozaji ni za kusaidia kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka. Njia ya Marangu ina machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo.

Dawa ya asetazolamidi, ijulikanayo kama Diamox, husaidia mwili kuzoea. Kiasi cha kukinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakufanya ukojoe sana na vidole vitafanya ganzi ya kuchomachoma. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiinywe bila daktari. Pombe na vidonge vya usingizi viache chini kabisa, kwani vyote hupunguza upumuaji ukiwa umelala. Na usimfiche mwongozaji dalili zako kwa kuogopa kurudishwa. Hana njia nyingine ya kujua.

Kushuka

Kutoka Gillman's shuka kwenye changarawe kwa visigino, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, fimbo mbele. Kaza kamba za kiatu juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Kibo pumzika saa moja, kunywa supu, kisha endelea hadi Horombo. Usikubali kulala Kibo kwa kuwa umechoka. Siku ya sita ni kilomita 20 hadi langoni, na ajali nyingi za vifundo hutokea hapa, kwenye mizizi yenye utelezi, miguu ikiwa imelegea.

Bakshishi igawieni Horombo jioni ya tano au langoni, wagumu wote wakiwepo, na kila mtu apewe mkononi mwake huku kiasi kikitajwa kwa sauti. Bahasha moja ikipitia kwa mtu mmoja, wa mwisho kwenye foleni ndiye hupunjwa. Kisha saini kitabu cha kutoka, uchukue cheti chako. Waliofika Gillman's au Stella nao wana cha kwao.